Mtungi wa Newala

Niliosha miguu kwa mtungi mzima wa maji ya watu. Nakiri mwenyewe kabla dada zangu hawajanisemea.

Enzi hizo nilikuwa darasa la tatu. Sasa niko la saba na nimeshachoka kama mzee, hasa nikiwatazama hawa wa darasa la tatu wa leo, wanaolia wakitumwa chumvi dukani. Sisi tulitoka Mchinga mpaka Newala juu ya lori la magunia, siku mbili, vumbi hadi ndani ya masikio, mama anatapika upande huu, mimi naimba upande ule. Tulikwenda kumwona shangazi, alikuwa amejifungua. Newala iko juu mlimani, ina baridi, na salamu zake ni ndefu mpaka unasahau ulikuwa unakwenda wapi. Mbali huko chini ni mto Ruvuma, na ng'ambo yake ni kwa Mreno, nchi anayoitawala yeye.

Kwetu kisima kiko nyuma ya jiko. Ningejuaje kwamba kule maji yanatekwa kwenye chemchemi ya bondeni, kwa kupanga mstari, mtungi mmoja nusu siku? Nikaukuta barazani, nikajimwagia miguuni. Yaliyobaki nikamwogeshea jogoo.

Shangazi, ambaye arobaini yake haijatimia na hawezi kutoka, akachungulia mlangoni. "Baba, ulikuwa unaosha miguu au lori?" Kisha akakaa chini. "Hayo ndiyo ya kumwogeshea mtoto."

Mama alijifunga kanga kiunoni, akachukua mtungi, akashika njia ya bondeni. Nikamfuata mbio, mume wa shangazi akanikamata ukosi.

"Huku mwanamume habebi mtungi. Kaa."

Nikakaa. Wanawake walioteremka baada ya mama wakarudi, yeye hayupo. Wakanong'ona kwamba askari wa Mreno wameonekana upande wetu wa mto, wanawasaka waliotoroka kazi ya lazima. Mimi nikakaza macho kwenye njia ya bondeni.

Siku hizi wadogo zangu wanamwagiana maji kisimani na kucheka, nami nawatazama tu. Hata nguvu ya kuwakemea sina.

Mama alirudi magharibi, mtungi umejaa, shingo inamtetemeka. Nikaenda kuupokea, mume wa shangazi atake asitake. Mama akainama sikioni kwangu.

"Nimemkuta mwanamke kavuka mto juzi na watoto wawili, wamejificha porini tangu hapo, midomo imewapasuka kwa kiu. Mtungi wa kwanza nimempa, nikaanza upya mwisho wa mstari. Usimwambie shangazi yako."