Magauni Sita ya Wimbo wa Kijapani

Satini mpya ikipigwa pasi ya moto hutoa harufu ya peke yake, nusu karatasi ya dukani, nusu sukari iliyokaribia kuungua. Harufu hiyo ikinipita popote, mimi huwa tena na miaka kumi na mmoja, nimekaa sakafuni nyumbani kwetu Ghubra, Uarabuni, na Shangazi Zuwena ananiambia niondoe miguu juu ya kitambaa.

Nikueleze kwanza mambo yalivyoanza. Ilikuwa miaka ya tisini. Shule yetu ya wasichana iliandaa siku ya mataifa, na mama zetu wakaalikwa kuja kutazama. Kila darasa lilipata nchi kwa kura, na sisi tukaangukiwa na Japani. Wenzetu walipata Misri na India, nchi ambazo kila nyumba ina nyimbo zake. Kila darasa lilitakiwa kucheza wimbo wa nchi yake. Mimi nikanyoosha mkono, nikasema Ami Nasor anao wimbo.

Ami yangu alikuwa fundi wa magari, na kampuni yake ilikuwa imempeleka Japani miezi mitatu kusomea injini. Alirudi na sidii ndogo, upana wa kiganja changu, na mkanda wa video wa wimbo huohuo: wasichana sita wanacheza juu ya paa, upepo unapeperusha magauni yao. Hatukuelewa hata neno moja, lakini nyumba nzima tuliuimba. Bibi aliuimba akichambua mchele, kwa Kijapani chake mwenyewe.

Mwalimu wetu, Abla Hind, aliupenda wimbo, na magauni ya kuchezea alitaka yashonwe na fundi wa sokoni Matrah. Hapo mama akamtaja Shangazi Zuwena, dada wa baba, aliyekuwa akiishi nasi. Abla alisita. Mtaani Shangazi alijulikana kwa kupunguza abaya na kubadilisha zipu, na Kiarabu chake, alichojifunza ukubwani baada ya kuja kutoka Unguja, kiliwafanya wengine wamwone mdogo kuliko alivyo. Shangazi akavaa abaya yake, akaenda shuleni mwenyewe, akaahidi mbele ya walimu kwamba magauni yatafanana na ya kwenye mkanda. Kisha akarudi nyumbani kuutazama huo mkanda, maana siku zote yeye wimbo alikuwa akiusikia tu akiwa kwenye cherahani yake.

Sasa, Japani walikuwa wakirekodi kwa mfumo wao, na mashine yetu ya video ilikuwa ya mfumo mwingine. Picha iliisoma, rangi ikashindwa nazo. Wasichana kijivu, paa kijivu, mbingu kijivu. Sisi watoto tulishazoea. Jalada la sidii halikusaidia. Lilikuwa na uso wa mwimbaji, basi, mwisho kidevuni. Aliyewahi kuuona mkanda ule na rangi zake, kwenye televisheni ya dukani, ni Ami peke yake. Shangazi akamuuliza magauni yalikuwa ya rangi gani.

"Rangi nzuri," alijibu Ami.

"Nnakuuliza rangi, unanipa sifa. Injini za watu unazifunguaje wewe?"

Kisha Shangazi akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilisimulia watu hudhani nimelitunga. Alichukua remoti, akaipunguza rangi ya televisheni yetu mpaka ikaisha kabisa. Alitaka kujua kila rangi ikivuliwa inageuka kijivu cha namna gani, ili aweze kurudi kinyumenyume kutoka kwenye kijivu cha magauni. Jioni tatu tulitazama katuni, mpira na habari bila rangi, kaka zangu wakinung'unika, yeye na daftari lake magotini. Jioni ya tatu ilionyeshwa bendera ya nchi. Nyekundu na kijani zilitoka karibu kijivu kimoja. Shangazi aliitazama mpaka ikaondoka, akaweka kalamu chini.

"Hawa wamekuwa ndugu," alisema. "Basi kijivu hakina ushahidi. Rangi tutatia sisi."

Asubuhi yake tulikwenda souk, lile soko la Matrah. Alinunua satini ya rangi ya zafarani, ya kijani kibichi kwa kola na ukanda, na utepe wa zambarau wa kuzungusha kwenye pindo. Mshono ndio aliounakili sawasawa. Alikuwa akiusimamisha mkanda kila hatua, akihesabu marinda kwa kidole juu ya kioo.

Siku mbili kabla ya shughuli, Abla akatuarifu kwamba amemwalika mama mmoja wa Kijapani, mke wa mhandisi, na kwamba mama huyo anaujua sana wimbo wetu. Siku hiyo Shangazi alijichoma sindano mara mbili. Nikamuuliza kama tubadilishe rangi.

"Nguo ishakatwa, mwanangu," alisema, akaendelea kushona.

Tulipoingia mbio jukwaani sisi sita na zafarani zetu, nilimwona yule mama, safu ya mbele, akijifunika mdomo kwa mkono, mabega yakimtikisika. Shangazi naye alimwona. Tulicheza mpaka mwisho. Baadaye mgeni alikuja mpaka nilipo, akapiga magoti, akalipindua pindo la gauni langu na kuukagua mshono kwa ndani, inchi kwa inchi. Akamwambia Abla kitu kwa Kiingereza, na Abla akamgeukia Shangazi kumtafsiria: nani ameyashona haya?

"Mimi," alisema Shangazi, kwa Kiarabu chake kilekile, kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima. "Yote sita."

Yule mama akasimama, akamwinamia, kichwa mpaka usawa wa kiuno. Wiki iliyofuata Abla Hind alikuja nyumbani na kitambaa chake mwenyewe, cha gauni la harusi ya dada yake.

Miaka mingi baadaye niliupata wimbo ule mtandaoni, na rangi zake zote. Mbingu ilikuwa buluu, paa jekundu. Magauni yalikuwa ya kijivu. Kijivu hasa, na ukanda wa kijivu kilichokolea. Nikampelekea Shangazi simu. Alivaa miwani, akatazama mpaka mwisho, akataka nimrudishie mwanzo.

"Maskini watoto wa watu," alisema. "Walikosa mtu wa kuwashonea."

Nikiwa mtoto niliamini kwamba Shangazi alizipatia rangi kwa akili zake, na ndivyo nilivyojisifu kwa wenzangu miaka yote ya shule. Kumbe hakupatia hata moja. Alizikosa zote mbele ya mtu pekee ukumbini aliyezijua, aliyeweza kumwaibisha kwa neno moja, na mtu huyo akaushika mshono, akautazama, kisha akamwinamia.