Saa Nne ya Kizuizini

Mume wangu Murungi alisamehewa akiwa ndani ya jeneza. Aliyemsamehe ni Mwirigi, tajiri wake, mwenye malori manne na duka la jumla pale Makutano. Alisimama kando ya kaburi, mbele ya watu wa Githongo karibu mia tatu, akashika kipaza sauti na kusema, "Huyu ndugu yetu alichukua lori langu bila ruhusa, akaenda kutafuta pesa zake. Lori limeisha. Lakini mimi ni Mkristo. Nimemsamehe."

Watu wakapiga makofi. Mchungaji akasema amina. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki, nikijua kwamba anadanganya, na hakuna aliyenipa kipaza sauti.

Murungi aliendesha malori ya Mwirigi miaka kumi na mmoja. Hakuwahi kulileta lori nyumbani hata siku tuliyohamisha vitanda. Tulivibeba kichwani. Alisema lori ni la mwenyewe, na hata kiti cha dereva ni cha kuazima.

Siku ile, tarehe kumi na nne Novemba, tulikuwa tunachuma kahawa. Nilikuwa nawamiminia wachumaji chai ya saa nne simu ilipolia.

"Niko kizuizini," Murungi akasema. "Nangoja mzee atume pesa ya ushuru. Nimejaza viazi vyake mpaka juu, na huku nyuma watu wananipigia honi kama mimi ndiye serikali."

"Akichelewa nunua ndizi ule."

"Ndizi kwa pesa ya nani?" Akacheka, akakata simu.

Kabla ya saa sita lori lilikuwa limepinduka kwenye mteremko wa kwenda Embu.

Kizuizi hicho ni cha ushuru wa barabara. Lori lenye mzigo halipiti bure. Zamani dereva alilipa mkononi, lakini siku hizi hawapokei noti. Mwenye lori analipa kwa simu popote alipo, karani anaona kwenye mashine yake, mnyororo unateremshwa. Basi kama lori la Mwirigi lilipita, kuna mtu alililipia. Nilimwambia mchungaji hivyo. Nilimwambia pia Runji, ndugu ya Murungi.

Runji akaniambia, "Mtu amewasamehe, wewe unatafuta nini tena? Unataka atudai lori?"

Nikawa mke wa mwizi aliyesamehewa. Kwenye kiwanda cha kahawa karani alianza kupima debe langu mara mbili, na wanawake waliokuwa kwenye foleni walitazama chini kama wanaosoma kitu kwenye udongo. Binti yangu Kajuju akitumwa dukani aliulizwa kama amekuja na pesa au na msamaha. Watu walicheka. Aliponisimulia hakulia, na hilo ndilo lililoniuma.

Mtu aliyenionyesha njia ni Felicitas, mama anayepiga chapa barua kwenye kibanda pale Makutano. Zamani alikuwa karani wa korti. Nilimwomba aniandikie barua kwa ofisi ya ushuru.

"Mimi nitakutoza mia mbili," akasema. "Nenda Embu kwenye ofisi yao, uombe rekodi. Ni sheria, kila raia anaruhusiwa. Na asiyejua kuandika, afisa anamwandikia, bure. Wana siku ishirini na moja za kukujibu. Nenda uwasumbue."

Sikuenda shule hata siku moja. Baba alisema mtoto wa kike anayejua kuchunga mbuzi amesoma. Nilienda Embu nikiwa na kitambulisho na sauti yangu tu.

Afisa aliitwa Ngari, kijana mwenye shati safi. Nilisema, yeye akaandika kwa Kiingereza. Namba ya lori. Tarehe. Saa.

"Saa ngapi, mama?"

"Saa nne asubuhi, ikipita kidogo."

Akaandika. Akanisomea kwa Kiingereza haraka haraka, nikatia kidole kwenye wino, nikapiga chapa. Nilikuwa na furaha siku hiyo. Nakumbuka vizuri kwa sababu haikukaa.

Jibu lilikuja siku ya kumi na tisa. Runji ndiye aliyelichukua posta, akalifungua na kulisoma kabla yangu, na nilipofika nyumbani ukoo wote ulikuwa unajua. Lori hilo halikupatikana kwenye rekodi. Mwirigi naye akasikia. Jumapili alinipa mkono nje ya kanisa, akasema kwa upole, watu wakisikia, "Mama Kajuju, nilimsamehe yeye, na wewe pia nakusamehe."

Nilipeleka barua kwa Felicitas ili nimwonyeshe njia yake ilivyonifikisha pabaya. Akavaa miwani.

"Wanasema lori halikupita saa kumi alfajiri."

"Saa kumi gani?"

"Ndivyo ulivyoomba. Tarehe kumi na nne, saa kumi alfajiri."

"Saa kumi alfajiri mimi nilikuwa nimelala na huyo Murungi kitanda kimoja."

Felicitas akaitazama karatasi. Akaanza kucheka mpaka akavua miwani. Halafu akaacha kucheka. "Ameandika nne," akasema. "Ulisema saa nne, akaandika namba 4. Kwa Kiingereza hiyo ni saa kumi. Saa nne yetu huandikwa kumi."

Barua ya pili aliipiga chapa bila kunitoza, tukaenda pamoja. Ngari alisoma na kukunja uso.

"Lakini mama, si ulisema nne?"

"Nilisema saa nne."

"Na mimi niliandika nne."

"Wewe chai ya saa nne unainywa saa ngapi?"

Kikombe chake kilikuwa pale mezani, kinatoa moshi. Saa ya ukutani mshale mfupi ulikuwa kwenye kumi. Msichana wa meza ya pili akafunika mdomo kwa faili.

"Nyinyi Wameru mna hasira," Ngari akasema.

"Mume wangu hakuwa nayo. Ndiyo maana nimekuja mimi."

Mpaka leo sijui kama alikosea au kuna mtu alimpigia simu. Nimeacha kujiuliza.

Safari hii jibu lilichukua siku zote ishirini na moja. Ukurasa mmoja. Felicitas alinionyesha mstari kwa ncha ya kalamu: namba ya lori, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, mzigo viazi, ushuru umelipwa kwa simu. Namba ya simu walikuwa wameipaka wino mweusi. Jina waliliacha. Nilimwomba anionyeshe neno lenyewe, nikalitazama mpaka nikalijua umbo lake. Ndilo neno la kwanza nililojifunza kusoma. Mwirigi.

Nilienda dukani kwake mchana. Alisoma akiwa amesimama, akawatuma wafanyakazi stoo.

"Mama Kajuju, siku ile lori lilikuwa limebeba kupita kiasi. Bima wangejua nilimtuma hivyo, wasingenilipa. Ningefanya nini? Lakini nilimsamehe, si nilimsamehe?"

"Nimekuja uuchukue."

"Nichukue nini?"

"Huo msamaha. Uuchukue palepale ulipouweka, na watu walewale wakiwa wamekaa."

Akanitazama kama mtu aliyeombwa duka zima. Akasema atanipa magunia mawili ya mahindi na mafuta ya kupikia, na Kajuju atamlipia karo. Nilimwambia mahindi ninayo. Yalikuwa yameisha, lakini hilo halikumhusu.

Kwa mchungaji niliomba dakika moja ya matangazo.

"Kanisa si mahakama," akaniambia.

"Siku ya mazishi lilikuwa nini?"

Akafungua Biblia yake, akatafuta ukurasa kwa muda mrefu sana.

Kesi ya fidia Felicitas amenipeleka kwa wakili, nayo itaenda inavyoenda. Mimi nilitaka wale mia tatu. Na wale mia tatu wote, Mkristo na asiye Mkristo, hupeleka kahawa kiwandani. Nilitoa nakala kumi na mbili, na siku ya kupima nilifika mapema, nikabandika moja kwenye ubao wa matangazo, juu ya orodha ya bei. Nilipiga mstari wa kalamu nyekundu chini ya jina.

Foleni ilisogea polepole. Walisoma midomo ikicheza. Mzee mmoja akasema, "Kumbe ndiye aliyelipa." Mwingine akamwambia, "Nyamaza, Mama Kajuju yuko hapo." Runji alisoma, akarudi nyuma, akasoma tena, akaondoka bila kupima kahawa yake. Hakuna aliyenijia kuniambia pole. Zamu yangu ilipofika, karani alipima debe langu mara moja, akaandika, bila kuinua macho.

Kesho yake karatasi ilikuwa imeng'olewa, imebaki pembe moja na gundi. Nikabandika nyingine. Bado ninazo kumi.