Benchi la Mzee Ambakisye

Siku yangu ya kwanza kazini Mzee Ambakisye hakunipa kamera. Alinipa ndoo, akanituma maji. Studio yake ilikuwa chumba kimoja karibu na soko la Tukuyu, na filamu ikitoka kwenye dawa lazima isuuzwe mpaka utelezi wote uishe. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikajiona mtu.

"Gwe, wewe msomi," aliniambia, "cheti cha hapa ni vidole vikavu unaposhika filamu."

Alinifundisha kumpanga mteja: kidevu chini kidogo, bega moja mbele, fremu ijae. "Mtu amelipa aonekane yeye, hakulipia ukuta." Lakini kazi ngumu ya Tukuyu ilikuwa kukausha. Mvua za kwetu hazina adabu, ukungu unaingia mpaka ndani, na filamu iliweza kuning'inia kwenye kamba tangu jana ikawa bado mbichi. Hapo amri yake ilikuwa moja: isisogezwe kwenye moto.

Mimi niliisogeza. Mzee alikuwa Mbeya kununua dawa, na maharusi wa Kawetele walikuwa wananihimiza. Nikawasha jiko la mkaa chini ya kamba, nikatoka kunywa chai. Niliporudi, filamu ilikuwa imejikunja kama ganda la ndizi lililoachwa juani.

Maharusi tuliwaita, wakavaa tena, tukarudia. Ila mwisho wa filamu ile palikuwa na picha niliyoipiga mimi: Mzee na mkewe kwenye benchi la studio, picha pekee waliyowahi kupigwa pamoja. Mama alicheka tu. "Na sisi tutarudia, mwanangu. Kwani tunahama?"

Wateja hawakuisha, tukawa tunaahirisha. Mama akaugua, akafariki. Hatukurudia.

Mzee hakunifukuza. Baadaye niliajiriwa kuwa mpiga picha wa wilaya, nikawafuata wakuu kwenye mashamba ya chai na ufunguzi wa zahanati, mpaka nikastaafu.

Mwaka huu Afisa Utamaduni, binti aliyehamia kutoka Tanga, aliniomba niwahoji na kuwapiga picha wapiga picha wa zamani wa Rungwe, zitundikwe kwenye ukumbi wa wilaya. "Babu, hawa wametupigia picha wilaya nzima. Wao wenyewe wako wapi?"

Nilianza na Mzee. Anaishi Kinyala kwa mwanawe, na macho yake hayaoni tena.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Sauti hiyo! Si yule aliyenikaanga na mke wangu?"

"Ndiye mimi."

"Umekuja na kamera au na jiko?"

Wajukuu walicheka. Mimi nilijikuna kichwa kama mwanafunzi.

Tulizungumza sana, habari za chumba cha giza na wateja waliokataa sura zao. Mwisho nikamuuliza ni picha gani anayoipenda kuliko zote.

"Ile uliyoiunguza," alisema. "Sikuiona, lakini naijua. Alikuwa ameniegemea hapa." Akagusa bega la kushoto.

Nilimkalisha kwenye benchi mlangoni. Aliusikia mwanga shavuni. "Nigeuze kidogo, unanipiga sikio." Nikasogea ili fremu ijae, kama alivyonifundisha. Akasikia hatua zangu.

"Rudi nyuma."

"Mzee, ukuta utaingia."

"Uingie."

Akajivuta mpaka mwisho wa benchi upande wa kulia, akaweka kiganja cha kushoto kwenye ubao uliobaki wazi. Uso wake ukatulia. Nikapiga.

"Hii utaikaushia wapi?"

"Siku hizi hazikaushwi, Mzee."

"Ndaga, asante. Sasa hata wewe unaiweza kazi."

Picha hiyo iko ukumbini sasa. Vijana wenye simu nzuri huniuliza inakuwaje mtu wa siku nyingi kama mimi aache nusu ya benchi tupu. Huwa nawaambia wakae, kisha nawasimulia habari za jiko.