Mgeni wa Bi Mwanakheri

Baina ya dirisha langu na la Bi Mwanakheri pana uchochoro mwembamba hata akipiga chafya namwombea rehema bila ya kuinuka kitini. Mchana, adhuhuri ikishapita na alasiri haijafika, Mji Mkongwe hulala, na vivuli vya nyumba huchanganyika chini hata hujui kipi cha nani. Saa hizo namwona kwake kama mtu aliye ndani ya maji: anapita, anatoweka, anarudi na kikombe. Mara nyingine nasinzia nikimtazama, nikizinduka sijui nimemwona au nimemwota.

Alikuwa mshona kofia. Macho yalipofifia, sindano nayo akaiweka. Mumewe alitangulia mbele ya haki zamani, watoto hawakujaaliwa, na nyumba aliyoachiwa na babake ni kubwa, ina ngazi za mbao na vyumba visivyo na kitu ila harufu ya udi. Aliteleza kwenye ngazi hizo, na Anuar, mtoto wa kaka yake anayekaa Kikwajuni, hakutaka maneno mengi.

"Shangazi, ama upate mtu wa kukaa nawe, ama uhamie kwangu."

Anuar ni kijana mwema. Lakini kumtoa Bi Mwanakheri ndani ya nyumba ile ni kumzika na roho yake ingalipo, nami nilimwambia hivyo usoni.

Mtu akapatikana, na aliyempata ni mimi. Bi Sichana wa Chwaka alilima mwani umri wake wote, kasimama ndani ya maji ya bahari, mpaka magoti yakamkataa. Matibabu yake yako mjini, na chumba alichopanga kilikuwa kinammaliza. Wakaafikiana: chumba halipii, mkaa na maji watasaidiana.

"Kodi yako ni kuwepo," alisema Bi Mwanakheri. "Nisikie nyayo za mtu."

Basi akahamia, na Bi Mwanakheri akaanza kumkirimu. Asubuhi mkate wa kumimina na chai ya maziwa, kaletewa mpaka chumbani. Akishika ufagio, ananyang'anywa. Akiingia jikoni, anatolewa kwa heshima zote: "Kaa kitako, mgeni wangu, upumzike." Nikichungulia namwona Bi Sichana dirishani, kajitanda kanga nzuri, mikono juu ya magoti, macho kafumba. Nikadhani anastarehe.

Siku moja nikamuuliza anawaza nini.

"Nikifumba macho maji yananifika hapa," akasema, akagusa muundi wa mguu. "Nnafunga mwani kwenye kamba. Nnafunga, nnafunga. Nikifumbua, mikono mitupu."

Akanigeukia. "Bi Tahiya, nshachoka kuwa mgeni. Ijumaa nnarudi Chwaka."

Niliumia, na mimi nikiumia hukasirika. Nilishuka ngazi zangu, nikapanda za Bi Mwanakheri, nikamkuta anapanga vikombe.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," nikamwambia. "Wewe umempa mto. Sasa anaondoka, na Anuar keshasikia. Ijumaa anakuletea gari."

Akakiweka kikombe chini. "Nimpe kazi vipi, Tahiya? Mimi wa mjini, yeye wa shamba, anakaa kwangu bure. Watu watasema nimejitafutia mtumishi. Na yeye mwenyewe atasema hivyo moyoni."

Hapo nikauona uzito wake. Mji huu unakumbuka sana nani alikaa na nani alisimama kumtumikia. Nilimwonea huruma, ila hasira haikunitoka.

"Basi kazi usimpe. Mwombe akusaidie. Hujui tofauti?"

"Sijui kuomba," akasema, na nilimwamini.

Ijumaa asubuhi nilikuwa dirishani. Hayo ndiyo maisha yangu, sikatai. Jiko lake linatazamana nami. Bi Sichana aliingia na furushi lake kuaga, akamkuta Bi Mwanakheri kakaa juu ya mbuzi, nusu ya nazi mkononi, machozi yanamtoka. Kidole chake kilikuwa kinavuja damu.

"Siyaoni meno ya mbuzi," akasema, sauti ndogo kama ya mtoto. "Siku zote hizi nakuna nazi na vidole vyangu, nakuficha. Nisaidie, Bi Sichana. Peke yangu siwezi, na kwenda Kikwajuni sitaki."

Bi Sichana akaliweka furushi chini. Akamfunga kidole kwa kipande cha kitambaa, akamwinua, akakaa yeye juu ya mbuzi. Akaigeuzageuza ile nazi.

"Kongwe hii. Nani kakuuzia?"

"Nimeichagua mwenyewe."

"Hukuchagua, ulipapasa."

Wakaanza kubishana. Huyu anataka tui zito litiwe mwisho, yule anasema Chwaka hawapiki hivyo, huyu anauliza Chwaka wanajua nini kuhusu mchuzi. Harufu ya vitunguu ikavuka uchochoro. Jua lilikuwa limepenya baina ya mapaa, jiko lote limekuwa jeupe, na sauti zao zikanijia kwa mbali mpaka nikadhani nimesinzia tena.

Ndipo Anuar akafika. Gari kaliacha barabara kubwa, kaja kwa miguu, kapanda ngazi, kasimama mlangoni.

"Hodi."

Kwetu hodi huitikiwa na mwenye nyumba. Mgeni hunyamaza, hata kama mlango umo puani mwake. Bi Mwanakheri akafungua kinywa aitikie.

"Karibu, mwanangu, pita," akasema Bi Sichana, mikono imezama kwenye machicha, hata uso hakuinua.

Bi Mwanakheri akakifumba kinywa chake. Kisha akalia tena, na mara hii si kwa kidole.