Nilisomea kipimo cha sukari siku tatu, damu ikataja miezi mitatu

Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo. Naanza na ujinga wangu kabisa: nilijiandaa na kipimo cha sukari kama mtu anayekesha na desa, mtihani kesho. Humu sitadanganya, nimeshadanganya vya kutosha.

Nina kisukari tangu darasa la sita, najichoma insulini. Sasa nipo form four, naishi Utemini na mama.

Mama aliweka sharti: sukari ikikaa sawa, form five naenda bweni. Isipokaa, nasoma kutwa, nalala machoni pake.

Likizo ya Juni nikaenda kijijini Ihanja kwa mjomba na bibi, wanarina asali. Kwa bibi asali sio sukari, ni dawa. Ukweli niliujua, ila kubishana na bibi ni utovu wa adabu.

Nikarudi na dumu la lita tatu, likakaa chini ya kitanda. Nikawa mtu wa adabu sana, nalamba kila siku.

Zikabaki siku tatu kwenda kliniki. Nikageuka mlokole: mlenda, ugali wa uwele kidogo, sindano kwa wakati.

Siku ya siku, kidole kikasoma 6.2.

"Mama, bweni hilo," nikasema.

"Tulia, baba," nesi akasema. "Leo tunapima na HbA1c."

Jibu likaja 11. Wao wanataka kama saba.

Nesi hakunifokea. "Sukari ikizidi inagandia kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe zinaishi kama miezi mitatu. Kidole kinaniambia ulivyo saa hii. Hiki kinaniambia ulivyokuwa unaishi. Haya, ulikuwa unakula nini?"

Nikataja dumu. Mama amekaa pale pale.

Wakuu, nimelifikiria sana hili. Nilidhani nashindana na nesi. Kumbe macho na figo hazijui siku ya kliniki, zenyewe zinapokea kila siku ninachokula.

Kwa hiyo 6.2 ya asubuhi moja isikuvimbishe kichwa. Uliza ya miezi mitatu.

Wenye sukari humu na mnaouguza, mlishawahi kumficha nani? Shusheni, sitacheka sana.

Tulipofika nyumbani mama akaweka pochi mezani, akasema hivi, neno kwa neno:

"Bwenini huendi. Asali nimeshaisamehe. Ukila vibaya ukaniambia, nitagomba, nitamaliza. Ukinificha, siku moja watanipigia simu nije kuchukua mwili."