Mama mkwe alinituma nikatae Kilatini, mimi nikakikubali kwa jina lake

Admin nifiche tafadhali, huku kwetu hata ng'ombe wanajuana. Mimi ni mama wa miaka ishirini na tatu, mtoto wangu ni mmoja na bado ananyonya. Shule niliachia darasa la nane kwa hivyo mnivumilie nikikosea. Ni Mkisii, nimeolewa na Mkipsigis huku Konoin kwenye majani chai. Tunakaa boma moja na mama mkwe, na niseme ukweli mapema, huyo mama ananipenda. Nasoma vile wengine mnalia juu ya mama wakwe hapa kwa page, lakini wangu kila asubuhi ananyoosha mikono, "Nipe mtoto, wewe enda uchune majani kabla jua likuchome." Anamfunga mgongoni na wanazunguka hivyo wote wawili mpaka nirudi.

Sisi ni Wakatoliki. Kanisa letu ni dogo, misa ni Kikipsigis, na mwenye kuanzisha nyimbo ni mama mkwe. Zingine amezitunga mwenyewe akipalilia mahindi. Mimi tangu niolewe nimekuwa nikikaa hapo kama mtu ameingia harusi isiyo yake. Wakisimama nasimama. Wakicheka kwa mahubiri nacheka. Siku moja nilicheka peke yangu, kumbe Fatha alikuwa anatangaza matanga. Niliona haya mpaka nikajifanya mtoto anataka kubadilishwa nepi.

Sasa tukaletewa Fatha mpya. Akasema kuna wazee na watu wa estate ya majani chai, wale wametoka makabila mbalimbali, wameomba misa moja kila mwezi irudi Kilatini kama zamani, masomo pekee yabaki Kiswahili. Akasema hawezi kulazimisha mtu, kila jumuiya ikae izungumze. Jumuiya yetu ina sheria yake: nyumba moja, neno moja.

Alhamisi ya kikao mtoto alikuwa na homa. Mama mkwe akaniambia, "Enda wewe, mimi nibaki na huyu. Waambie nyumba yetu imekataa. Mama yangu aliimba Kilatini kama kasuku mpaka akazeeka, akafa hajui alikuwa anamwambia Mungu nini. Mimi yangu nataka kuyaelewa."

Nikasema sawa Mama. Na nilikuwa nimemaanisha.

Nilipofika, mama mmoja akasema kitu kwa Kikipsigis, watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka kama kawaida yangu. Halafu nikajisikia nikicheka. Sijui nieleze aje. Nikajiona vile nitakuwa nacheka hivyo mpaka nizeeke. Hapo hapo mwenyekiti akasema kwa Kiswahili, "Tuanze na nyumba ya mama wa nyimbo. Huyo akisema, sisi tumemaliza."

Wakaniangalia wote. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki: "Nyumba yetu imekubali."

Mwenyekiti akashtuka. "Mama mwenyewe amekubali? Huyu wetu?"

"Amekubali."

"Haya basi. Kama mwenye nyimbo ameziweka chini, sisi ni nani?" Nyumba zote zikafuata, moja baada ya nyingine.

Nilirudi nikamkuta Mama ameloweka kitambaa anampangusa mtoto kichwa, homa imeshuka. Akaniuliza imekuwaje. Nikamwambia, "Nilikataa Mama, lakini wengi wamekubali." Akakamua kitambaa, akasema, "Si kosa lako. Ulisema." Hayo maneno ndiyo yananichoma mpaka leo.

Na kibaya zaidi ni kwamba hiyo misa niliipenda. Fatha alitufundisha sote pamoja, neno na maana yake, Agnus Dei ni Mwanakondoo wa Mungu, na mzee Mkipsigis aliyekaa mbele yangu alikuwa anakosea kuliko mimi. Nikaona Kilatini hakina mwenyewe, wote ni wageni, hakuna wa kunicheka. Niliimba machozi yakitoka. Kisha nikageuka nikamwona Mama mkwe. Amekaa, mikono kwa mapaja, mdomo umefungwa. Na mimi nikafunga wangu. Tangu siku hiyo hata zile Jumapili zingine za Kikipsigis haanzishi tena. Anasema wenzake walimuonyesha wamechoka na sauti yake. Wenzake nao wanafikiri ni yeye alijitoa, kwa hivyo hakuna anayemuuliza.

Nilimwambia mzee wangu, baba mtoto. Akakuna kichwa, akasema, "Nyamaza tu. Ukisema sasa utavunja boma. Itapoa." Nikajaribu kunyamaza. Lakini Fatha amesema jumuiya zikae tena ziseme kama Kilatini kiendelee au kiishe, na Alhamisi hii jumuiya inakuja kwetu nyumbani. Mama ameshatayarisha mursik, yale maziwa ya kugandisha kwa kibuyu, ya wageni. Jana tukichambua mboga akaniambia, "Najua siku ile Kikipsigis chao hukukishika, na mimi nikiuliza wataona nina hasira. Alhamisi utaniulizia ni nyumba gani ilitangulia kukubali. Sitaki ugomvi, mama. Nataka tu kujua ni nani nilimkosea."

Mwenyekiti akijibu tu, nimekwisha.

Nikimwambia mapema, naogopa nitapoteza mama wa pili na hiyo misa moja ambayo mimi pia najisikia mtu wa kanisa. Nikinyamaza, ataambiwa na watu, mbele ya wageni, ndani ya nyumba yake. Najua ana roho nzuri na bado nina tumaini, lakini kila nikikaribia kusema anaanza kuniuliza kama nimekula.

Wale mna mama wakwe wazuri, na nyinyi mama wakwe wenyewe mko hapa, nishaurini. Nianze na neno gani? Sasa hivi ninavyoandika yuko nje na mtoto mgongoni, anamwimbia mmoja wa nyimbo zake alizoziacha kanisani, na mtoto ameshaanza kuitikia.