Mama Unguja na Majina Arobaini na Moja

Jina lake la ubatizo lilikuwa Scholastica, lakini kuanzia Liuli hadi Lundo ungemuuliza mtu habari za Scholastica, angekuuliza, "Yupi?" Sema Mama Unguja, na hata mtoto angekushika mkono akupeleke hadi mlangoni kwake.

Alikuwa mjane mwembamba, mwenye sauti ya kuongoza nyimbo kanisa zima bila kipaza sauti. Alilima muhogo kama sisi wote, na kila mwezi alipandisha usipa mkavu, dagaa wa ziwa letu, milimani Litembo, akabadilishana na Wamatengo kwa mahindi na maharage. Huko nako alihubiri Unguja. Wamatengo ni Wakatoliki, sisi Waanglikana, lakini habari za kanisa kuu lililojengwa penye soko la watumwa hawakuzichoka. Alijua kwamba madhabahu imesimama pale ulipokuwa mti wa kuchapia watu. Alijua vyumba vya chini, vya dari fupi, walimofungiwa. Ngome Kongwe aliieleza jiwe kwa jiwe, na milango ya Mji Mkongwe aliihesabia misumari. Mimi nina hasira za karibu na siwapendi watu wa maneno mengi, ila huyu nilimsikiliza mdomo wazi.

Nilimheshimu kwa sababu alikuwa ametumwa. Hapa mwambao wa ziwa hakuna ukoo usio na mtu aliyetekwa zamani zile, akaswagwa kwa miguu hadi pwani, asisikike tena. Na kwetu, mtu aliyepotea bila kuombewa hatumwanulii matanga, wala jina lake halirithiwi na mtoto. Anabaki hewani, si mzima si marehemu. Mwaka 1979 wazee waliyakusanya majina hayo, arobaini na moja, wakayaandika kwenye karatasi na kumkabidhi Scholastica akayasome mbele ya madhabahu ile. Alirudi baada ya wiki sita. Alisimama kanisani akasema, "Nimeyasoma yote, na kengele imepigwa." Watu walilia siku mbili. Kisha tukaanua matanga ya miaka karibu mia moja, na majina yale yakaanza kurudi kwa watoto. Binti yangu wa kwanza, aliyezaliwa mwaka 1981, ni Nambewe. Ni jina la mama mkubwa wa bibi yangu Kunigunda, aliyetekwa akiwa msichana, akichota maji.

Basi ilipofika 1995, milango ya biashara imefunguliwa, mitumba imejaa Mbinga mjini, mabasi ya watu binafsi yanatoka Songea kila siku, na malori ya wanunuzi wapya wa kahawa yanapishana milimani, sisi akina mama wa kanisa tukasema: twende na sisi. Wanawake kumi na wawili, kiongozi wa msafara Mama Unguja, katibu mimi. Bibi Kunigunda alikuwa amepita miaka themanini. Alisema atakwenda hata kwa kubebwa, asimame pale jina la mama yake mkubwa liliposomwa, ndipo afe kwa amani.

Wiki mbili kabla ya safari tulikutana katika chumba cha mafundisho nyuma ya kanisa. Alikuwepo pia Urbani, dereva wa lori la kahawa, Mmatengo mcheshi, aliyekuja kupanga siku ya kutuchukua hadi Songea. Nilikuwa nasoma orodha ya mizigo: sufuria mbili, unga wa muhogo, usipa, mikeka. Nikafika kwenye madumu ya maji, kwa kuwa wenyeji wetu wa Unguja walikuwa wametuandikia kwamba maji ni ya shida.

"Futa hayo madumu," alisema Mama Unguja. "Tutabeba madumu twende kwenye maji? Unatoka kanisani, unateremka na ndoo, unachota. Mimi mwaka ule nilipika ugali kwa maji yale, nikanywa, nikaoga. Matamu kama haya yetu."

Wote tulitikisa vichwa kukubali. Tangu tuzaliwe tunachota ufukweni, tunakunywa, tunapikia. Hata mimi niliyemaliza darasa la saba, nikajaza kwenye mtihani kwamba maji ya bahari yana chumvi, nilishika kalamu na kuyafuta madumu. Maji mengi kiasi kile, halafu usiyanywe? Kichwa chetu cha watu wa ziwani hakikuwa na mahali pa kuliweka jambo hilo.

Urbani alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama, shikamoo yako! Ugali wa maji ya bahari! Mimi nimeendesha malori Tanga na Dar miaka saba. Yale ni chumvi tupu. Ukinywa kikombe kimoja unatapika hapohapo. Wewe uliyanywaje?"

Tulicheka na sisi, tukisubiri Mama Unguja amrudishie la kumnyamazisha, maana kwa majibu hakuwa na mpinzani. Hakurudisha. Urbani akaacha kucheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaelewa.

"Mama Unguja," nilisema, "ulifika?"

Aliitazama orodha mkononi mwangu.

"Nimekuuliza. Ulifika?"

"Nilifika Songea," alisema. Ile sauti ya kanisani haikuwepo. "Mabasi hayakuwa na dizeli, mwajua mwaka ule baada ya vita. Nililala stendi siku kumi na moja. Abiria wenzangu wakakata tamaa, wakarudi kwao. Mimi nirudi vipi? Mlinisindikiza kwa vigelegele hadi kwenye meli, wazee wanalia, wananishika mikono. Nikakaa kwa mdogo wangu palepale Songea mpaka wiki zikatimia. Jirani yake alikuwa na kitabu cha picha za Unguja. Nilikitazama kila siku."

Kitabu cha picha! Picha inakuonyesha maji, haikuambii ladha yake. Nilisimama, kiti kikaanguka nyuma yangu.

"Mwanangu ana miaka kumi na minne," nilimwambia. "Kila asubuhi namwita kwa jina la mtu ambaye bado hajaombewa. Tulianua matanga ya watu arobaini na mmoja kwa neno lako! Umetuona tukilia, ukalia na sisi!"

"Nililia kweli," alisema.

Wanawake walianza kupiga kelele wote kwa pamoja. Mmoja alitaka msafara uvunjwe, mwingine alitaka Scholastica atengwe kanisani. Urbani alitoka nje taratibu, kofia mkononi, kama mtu aliyevunja chungu cha watu. Mimi sikuweza kumtazama Bibi Kunigunda, aliyeketi nasi pembeni. Nilifikiri tumemuua.

Lakini bibi alipiga fimbo yake sakafuni mara moja, tukanyamaza.

"Karatasi iko wapi?" aliuliza.

"Ninayo, mama," alisema Scholastica. "Sikuthubutu hata kuichoma."

"Utaileta. Kwenda tutakwenda, na wewe utakwenda. Na wewe, mjukuu wangu, rudisha madumu yako kwenye orodha, kisha uandike majina upya. Yapo arobaini na moja. Ongeza la arobaini na mbili. Andika Scholastica."

Nilidhani uzee umemchanganya. "Bibi, tunaandika waliopotea. Huyu si huyu hapa, mzima?"

"Mtoto wetu aliondoka hapa kwa meli mwaka ule, mimi mwenyewe nilimpungia mkono," alisema bibi. "Miaka kumi na sita. Aliyerudi ni Mama Unguja. Yule mtoto wetu, wewe ulimwona akirudi?"

Tulimtazama Scholastica, machozi yakimtiririka hadi kidevuni bila kuyafuta.

"Hajarudi, mama," alisema, akanyoosha mkono kwangu kuomba kalamu, aliandike jina hilo mwenyewe.